Teki Oni Mi: nyimbo tulizozijua kabla hatujazielewa

Dada yangu alikuwa na kauntabuku moja nene, jalada jeusi, ambayo haikuwa ya somo lolote. Ilikuwa ya nyimbo. Mwaka 1999 yeye alikuwa kidato cha tatu, bweni, mkoani Kilimanjaro, mi nipo nyumbani Muheza namalizia darasa la saba, na kila likizo anarudi nayo imenenepa zaidi, imebandikwa stika na picha za kukata kwenye magazeti, vichwa vya nyimbo kwa kalamu nyekundu, beti kwa bluu, viitikio kwa kijani. Nilikuwa naisubiri ile kauntabuku kuliko zile karanga alizokuwa anatununulia njiani.

Namna walivyokuwa wanaijaza alinielezea na baadaye nikaiona mwenyewe, maana likizo ile alikuja na rafiki yake wakaendelea na kazi hapo hapo sebuleni. Redio kaseti katikati, mmoja kidole kipo kwenye pozi, mwingine ana kalamu. Wanasikiliza maneno matatu manne, wanasimamisha, wanabishana, wanarudisha nyuma, wanasikiliza tena. Huyu anasema kasikia "faya", yule anasema hapana ni "fa ya", basi wanarudisha mpaka kaseti inaanza kulia kama mbuzi. Wakikubaliana wanaandika, na wanaandika walivyosikia, kwa herufi za Kiswahili, kwa sababu hakuna mtu mwenye karatasi ya maneno sahihi na hakuna intaneti ya kuangalia. Kwa hiyo ukurasa mmoja una "Teki Oni Mi", mwingine "Ai Wonti Iti Dhati Wei", na chini kila kiitikio kimeandikwa mara zote kinavyoimbwa, hawakufupisha hata kimoja.

Ile "Ai Wonti Iti Dhati Wei" ndo ilikuwa ngoma ya mwaka. Ni "I Want It That Way" ya Backstreet Boys, kundi la vijana wa Kimarekani. Nyimbo ya kuimbwa na bweni zima, wanagawana sauti kabisa, fulani ndo Nick fulani ndo AJ. Dada akamfuata Baba na kauntabuku mkononi, "Baba, samahani, huu wimbo hasa unasemaje?" Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Kiingereza anakijua, halafu pembeni alikuwa mtunzi wa mashairi, yale ya kupeleka magazetini, mtu wa kuhesabu mizani kwa vidole akiwa anatembea barabarani. Akaichukua, akaomba wimbo upigwe, akausikiliza kwa makini mara mbili, mtu hata hakutabasamu. Akasema, "Hausemi kitu. Maneno ya Kiingereza yamo, ila maana haimo." Akarudisha kauntabuku. Alivyofika mlangoni akageuka, "Mnaimba kama kasuku."

Dada alilia. Mi sikulia ila lile neno limekaa na mimi miaka yote hii, kwa sababu nilijua si kweli kwamba hatujui tunachoimba. Tulikuwa tunakijua kitu. Ningeulizwa ni kitu gani nisingeweza kujibu wakati ule, ndo maana naandika leo.

Anza na hiyo "Teki Oni Mi". Ni "Take On Me" ya bendi ya a-ha, na ukimuuliza Mwingereza atakwambia jina lenyewe limekaa vibaya, Kiingereza cha kawaida hakiendi hivyo. Kinachoeleweka ni kwamba vijana wale watatu ni Wanorwei. Wimbo ulitoka mara ya kwanza 1984 haukufika popote, wakaurekodi upya, wakatengenezewa video ile ya michoro ya penseli, michoro kama 3,000 iliyochorwa kwa mkono juu ya picha za kweli, na Oktoba 1985 ukawa namba moja Marekani. Sasa sikiliza kiitikio. Sauti inaanzia chini kabisa, inapanda ngazi, inapanda tena, na pale mwisho kabisa inaruka mahali ambapo wewe na mimi hatufiki, ila kila mtu anajaribu. Nimeshuhudia harusi nzima, wazee kwa vijana, wanajaribu ile noti ya juu kwa pamoja na hakuna aliyefika na hakuna aliyejali. Maneno pale ni ngazi tu ya kupandia sauti. Ungeweka "leteni chai" yenye silabi zinazofanana, ngoma ingebaki pale pale.

Nilivyokuja kupata kompyuta na muda, nikaanza kufuatilia zile ngoma za kauntabuku moja baada ya nyingine, nani katunga, katokea wapi. Jamani. Nusu ya hizo "nyimbo za Kiingereza" hazikutungwa na watu wa Kiingereza! Wanorwei, Wajerumani, na Waswidi, Waswidi, Waswidi. Watu waliokuwa wanasikiliza Kiingereza redioni wakiwa watoto kama sisi tu, sauti kwanza maana baadaye.

Chukua ABBA. Aprili 1974 wanashinda Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, kule Brighton, Uingereza, na "Waterloo", na kuanzia hapo dunia yao. Wao ni watu wa Stockholm, nyumbani wanaongea Kiswidi. Angalia majina ya nyimbo zao: "Ring Ring", "Honey, Honey", "Money, Money, Money", "Gimme! Gimme! Gimme!", kuna moja imerudia neno lile lile mara tano kwenye jina. Mtu anaweza kusema ni uvivu, mi nasema hapana, angalia lugha yetu inavyofanya kazi: polepole, harakaharaka, pikipiki, bodaboda. Ukitaka neno likae kwa mtu unalirudia, mtoto wa Kiswahili analijua hilo kabla hajaanza shule. Wale Waswidi walijua wanaimbia Mjerumani na Mhispania na Mfaransa ambao Kiingereza chao ni cha kubahatisha, kwa hiyo walichagua maneno ambayo ukiyasikia mara moja huwezi kuyakosea, wakayapiga msumari mara tatu. Na sisi huku Muheza tukayapata vile vile, bila kuwepo kwenye mahesabu yao.

Halafu Boney M. Hii bendi Afrika Mashariki ni kama ndugu, kila Desemba ikifika ile "Mary's Boy Child" ya 1978 inatoka kwenye kila duka, fundi cherehani anayo, muuza vitenge anayo. Mtengenezaji wake ni Mjerumani, Frank Farian, na ile sauti nzito ya kiume unayoisikia kwenye "Daddy Cool" ni yake mwenyewe, aliingia studio akaimba, yule Bobby Farrell jukwaani kazi yake ilikuwa kucheza, na alicheza kwelikweli. Sauti za kike ni za Liz Mitchell na Marcia Barrett, wote wazaliwa wa Jamaika. "Rivers of Babylon" yao ya 1978 ilikaa namba moja Uingereza wiki tano, ila wimbo ni wa Wajamaika, The Melodians, 1970, na wale nao waliutoa kwenye Biblia. Mama yangu hakuruhusu muziki wa dunia Jumapili ila huo aliuruhusu, na hakuhitaji Kiingereza, alisikia tu Babiloni na Sayuni akaanza kusema kwa sauti ya chini huku anachambua mchele, "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Zaburi ya 137. Majina mawili yalimtosha kujua wimbo mzima unahusu nini. Kasuku hafanyi hivyo.

Sasa nirudi kwa Backstreet Boys maana hapo ndo penyewe.

Kulikuwa na studio Stockholm inaitwa Cheiron, ilifunguliwa 1992 na jamaa mmoja DJ, Denniz PoP, na mwenzake. Denniz hakuwa mpiga ala, alikuwa mtu wa kusikiliza. Kuna stori yake ambayo naipenda kuliko zote. Kundi la Ace of Base kutoka Gothenburg lilimtumia kaseti ya demo, akaiweka kwenye redio ya gari lake, Nissan Micra, na kaseti ikagoma kutoka. Imeganda. Kwa hiyo kila akiwasha gari anasikia wimbo ule ule, kwenda studio wimbo ule, kurudi wimbo ule, na mwanzoni hakuupenda kabisa, ila baada ya siku kadhaa akaanza kusikia ndani yake kitu anachoweza kukitengeneza. Akawapigia simu. Ndo ikazaliwa "All That She Wants". Mimi nikisoma hiyo stori naiona redio yetu ya sebuleni, naona kidole cha dada kwenye pozi, maana sisi nasi kaseti tulikuwa nayo moja, hiyo hiyo, asubuhi mpaka jioni mpaka betri ziishe, halafu unazianika juani upate nyimbo mbili zaidi. Ukiwa na wimbo mmoja mwezi mzima unaufahamu kwa namna ambayo mtu mwenye nyimbo milioni kwenye simu hawezi.

Denniz alifariki Agosti 1998, ana miaka 35 tu. Aliyebaki na kijiti ni kijana aliyekuwa anamfundisha kazi, Max Martin, mwimbaji wa zamani wa bendi ya roki, mtoto aliyejifunza muziki kwenye shule za muziki za serikali za Sweden, na mwenyewe husema shule hizo ndo za kushukuriwa kwa yote. Mwaka ule ule wimbo wake "...Baby One More Time", uliokataliwa na kundi la TLC, ukatoka kwa binti wa miaka 16, Britney Spears. Hapo watu wa Marekani walibabaika na kile kiitikio kinachosema "hit me", kama vile anaomba kupigwa, kumbe watunzi wale wa Sweden walidhani ni namna ya kusema nipigie simu. Unaona lakini! Kwa Kiswahili isingekuwa na shida hata kidogo, nipigie ni nipigie.

Na 1999 akatunga na Andreas Carlsson ile "I Want It That Way". Kampuni ya muziki ikalalamika, maneno hayaeleweki, beti inasema hivi kiitikio kinasema vile, yeye anataka au hataki? Wakaandika maneno mengine, yenye maana iliyonyooka, wakayarekodi kabisa. Vijana wenyewe wa bendi wakasikiliza yote mawili wakasema hapana, tunarudi kwenye ya kwanza. Ndo hiyo unayoijua. Siku niliyosoma hilo nilisimama kwenye kiti. Baba alikuwa sahihi! Alikaa sebuleni Muheza na redio kaseti moja akasikia walichosikia mabosi wa studio, kwamba maana haimo. Ila na dada alikuwa sahihi, na bweni zima, maana lile toleo lenye maana lilikuwepo na halikuchaguliwa.

Max Martin ana kanuni yake wanayoita hesabu ya melodi. Waliofanya naye kazi wanasema mstari ukiwa na silabi kadhaa, wa pili lazima uwe na idadi ile ile, pumzi zikae pale pale, hata kama neno zuri zaidi lina silabi moja ya ziada linatupwa nje. Watu wanaandika makala ndefu kushangaa hiyo kanuni kama vile kagundua moto. Mtu aliyekulia nyumba ya mtunzi wa mashairi hashangai. Hiyo ni mizani. Nane kwa nane, kipande kwa kipande, na ukizidisha moja mhariri anakurudishia. Nimemuona Baba anatupa neno zuri kabisa, neno lililomuuma kulitupa, kwa sababu lilikuwa na silabi nne na yeye anahitaji tatu.

Kuna nyimbo ambazo zimekwenda mbali zaidi, zimeacha maneno kabisa. "Hey Jude" ya The Beatles, 1968, ina dakika saba na zaidi, na karibu nne za mwisho ni na na na tu. "Wind of Change" ya Scorpions, Wajerumani hao wa Hannover, watu wengi ukiwaambia waimbe wanaanza na mluzi, na mluzi hauna lugha. Na "We Will Rock You" ya Queen, 1977. Brian May aliitunga baada ya shoo moja huko Stafford ambapo bendi ilishatoka jukwaani na watu wakaendelea kuimba wenyewe. Akajiuliza, watu elfu wamebanana wamesimama, wanaweza kufanya nini wote kwa pamoja? Wanaweza kukanyaga chini na kupiga makofi. Basi. Miguu miwili, kofi moja. Wakaingia studio ya Wessex, London, jengo ambalo zamani lilikuwa la kanisa, wakakuta mbao, wakazikanyaga, wakairekodi mara nyingi na kuipanga juu ya nyingine mpaka ikasikika kama uwanja mzima. Hakuna ngoma mle, hakuna besi, gitaa linakuja mwisho kabisa.

Sekondari tuliipiga kwenye madawati. Kiganja, kiganja, ngumi. Prep ya usiku umeme umekatika, giza totoro, mmoja anaanza kona ya nyuma taratibu, wa jirani anadaka, dakika moja darasa zima linatetemeka, halafu darasa la pili linajibu ng'ambo ya uwanja. Hatukuwa tunaonana. Mwalimu wa zamu anakuja na tochi kila mtu kimya. Wala hatukujua kwamba anayeimba ule wimbo kazaliwa mwendo wa boti tu kutoka kwetu, Zanzibar, 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, familia ikahamia Uingereza 1964 na yeye akaja kuwa Freddie Mercury. Rafiki yangu mmoja wa Tanga mjini aliposikia "Bohemian Rhapsody" mara ya kwanza, pale katikati wanapopaza "Bismillah", aliruka kitandani, "Umesikia? Umesikia alichosema?" Nyimbo nzima hakuelewa ila neno hilo lilikuwa la kwao.

Hiyo raha ya neno lako kutokea ndani ya wimbo wa watu ni kitu kingine. "Liberian Girl" ya Michael Jackson, albamu ya Bad, 1987, inaanza na mwanamke anaongea kwa sauti ya chini, ni Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, na anachosema ni Kiswahili! Nakupenda pia, nakutaka pia. Msichana ni wa Liberia, wapi na wapi na Kiswahili, ila sisi hatukuuliza, tulirudisha kaseti. Dunia nzima inasikia sauti tu pale, sisi tunasikia maana, kwa sekunde chache viti vimegeuzwa. Ile "All Night Long" ya Lionel Richie ya 1983 tuliapa kuna "jambo" mle katikati, na mtaani kuna jamaa alitutafsiria mstari mzima, kumbe Richie mwenyewe alishasema maneno yale aliyabuni tu. Boney M. ndo walikuja moja kwa moja, wakairekodi "Malaika" 1981, na 1983 wakachukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Kenya. Na matamshi yao ya Kiswahili ukiyasikia utajua kabisa kwamba mahali fulani Ujerumani kulikuwa na mtu mwenye kalamu, anaandika anavyosikia.

Baba yeye nyimbo zake zilikuwa Jim Reeves na Kenny Rogers, na namuelewa, kule stori ndo kila kitu. "The Gambler" ya 1978 aliwahi kutusimulia ubeti kwa ubeti, treni, usiku, mzee mcheza karata, mpaka tukatamani kumjua yule mzee. Hizo ukitoa maana umezichinja. Sina ugomvi nazo, nazipenda mpaka leo, ila ni mti mwingine.

Krismasi iliyopita tulikuwa wote Muheza. Dada alikuja na kauntabuku, ameitunza miaka yote, jalada limeachia na stika zimekuwa za kahawia. Nikamkalisha Baba kibarazani, sasa hivi anasoma na miwani na bado anaisogeza karatasi mbali. Nikamfungulia ule ukurasa. Nikamwambia, "Baba, achana na maana. Hesabu."

Alisoma kwanza midomo tu inacheza. Halafu vidole vikaanza, kidole gumba kinagusa vingine kimoja kimoja kama zamani. Mstari wa kwanza, tano. Wa pili, tano. Akaangalia mwisho wa mistari, "faya", "dizaya", akaguna, akasema, "Vina vipo." Mstari wa tatu akapata saba. Akarudia, saba. "Hapa kaharibu."

Dada akasema, "Hapana Baba, hapo mi ndo niliandika vibaya, niliongeza irabu." Akauimba ule mstari, polepole, sauti yake imeshuka siku hizi, na Baba akafumba macho akahesabu kwa sikio.

"Tano," akasema. "Na wa nne?"

"Tano."

"Nani katunga?"

"Mswidi, Baba. Wawili."

"Kiingereza si chao."

"Si chao."

Akabaki na kauntabuku magotini muda kidogo. Halafu akauliza kama ule wimbo upo kwenye simu.